Nadra na Adimu: Maneno ya Kumwandika Nondo Mdogo wa Meru

Mwaka 2014, watafiti wa viuatilifu kutoka Ngaramtoni, Arusha, walithibitisha kwamba nyanya za kijiji cha Ngabobo, wilayani Arumeru, zimeingiliwa na nondo mgeni kutoka Amerika Kusini. Walimwandika kwa jina la kitaalamu, Tuta absoluta, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 2016. Wakulima nao walikuwa na jina lao: kantangaze.

Jina hilo ni sentensi nzima. Ukilirudishia irabu iliyomezwa na ulimi unapata kanitangaze, yaani nenda ukanitangaze. Ile ka- ya mwanzo ndiyo tunayoitumia tunapomtuma mtu: kalete maji, kamwite mjomba. Ile -ni- ni mdudu mwenyewe. Amepewa nafsi ya kwanza, anamwagiza mwenye shamba aache alichokuwa akifanya, aende akaeneze habari zake. Sijui istilahi nyingine ya kilimo katika Kiswahili iliyomweka mdudu katika nafasi ya msemaji namna hii. Na aliyoyasema yalitimia, kwa maana katika misimu michache tu jina hilo lilikuwa midomoni mwa wauza pembejeo na maofisa ugani, likaingia hadi kwenye vipeperushi.

Jina la Kilatini, wakati huo, lilikuwa safarini. Mwingereza Edward Meyrick, mwalimu wa shule aliyeandika maelezo ya maelfu kwa maelfu ya nondo wadogo kabla ya kufariki mwaka 1938, ndiye aliyemtaja kwanza huyu wa nyanya, mwaka 1917, kwa sampuli iliyotoka Peru. Alimweka katika jenasi ya Phthorimaea. Waliomfuata walimhamisha jenasi baada ya jenasi hadi akafika Tuta mwaka 1994, na mwaka 2021 uchambuzi mpya ukamrudisha alikoanzia, Phthorimaea. Kwa hiyo jina la kitabuni lilizunguka zaidi ya miaka 100 likarudi mahali pake, na kantangaze bado ni kantangaze.

Nimeanza na mdudu huyu maarufu kwa sababu nataka kumzungumzia mwenzake asiye na umaarufu wowote. Ukikusanya majina ya nondo na watoto wao katika Kiswahili cha shambani utapata viwavijeshi kwenye mahindi, bungua wa mabua, funza wa vitumba kwenye pamba, sota wanaokata miche, nondo mgongo almasi kwenye kabichi na sukumawiki, kidomozi kwenye majani ya kahawa, na nondo wa nguo ndani ya sanduku. Ni orodha ya mashitaka. Kila aliyemo ameingia kwa kosa alilotenda, na kadiri kosa lilivyo kubwa ndivyo jina lilivyo wazi. Nondo anayeishi ndani ya jani la kichaka kimoja cha msitu wa Mlima Meru, asiyegusa nyanya wala kahawa wala kitenge cha mtu, hana jina. Akitua ukutani karibu na taa, tunasema nondo. Wengine husema kipepeo wa usiku. Wengi husema mdudu.

Na hao wasio na kosa ndio wengi. Duniani zimeshaelezwa spishi zaidi ya 150,000 za nondo na vipepeo kwa pamoja, na vipepeo wa mchana ndani yake hawafiki 20,000. Waliobaki wote ni nondo, na sehemu kubwa yao ni wadogo, wenye mabawa ambayo yakitandazwa hayafiki sentimita 2, wengine hayafiki hata nusu sentimita. Hawa ndio wanaomsumbua mwandishi wa Kiswahili. Jina la pekee linaweza kusubiri. Kinachokosekana mapema zaidi ni maneno ya kumwandikia kumbukumbu: ameonekana wapi, amejulikanaje, na ni mchache kwa maana gani.

Hapo kwenye uchache ndipo penye utajiri, na nitakaa hapo kidogo.

Wafasiri wetu wa habari za uhifadhi wamezoea kutumia adimu na nadra kama neno moja lenye nguo mbili. Spishi adimu, spishi nadra, yote sawa. Mazungumzo ya kila siku hayasemi hivyo. Tunaposema sukari imeadimika mjini, tunaisema sukari yenyewe: haipo ya kutosha, ukienda masoko ya Arusha, Kilombero au Soko Kuu, utazunguka. Tunaposema ni nadra kumkuta fulani nyumbani, hatusemi kwamba fulani ni mchache. Yupo mmoja, mzima, pengine amelala chumba cha nyuma. Tunachokipima ni kukutana kwetu naye. Adimu ni hali ya kitu. Nadra ni hali ya kuonana. Hata sarufi imeligawa jambo: kuadimika ni kitenzi, na mwenye kuadimika ni kitu chenyewe, ilhali nadra hupenda kutangulia tendo la mtazamaji, nadra kuona, nadra kusikia, nadra kupata.

Mwenye kurekodi nondo angeomba lugha impe tofauti hii, na Kiswahili kinayo tayari. Spishi nyingi za nondo wadogo wa Afrika zinajulikana kwa sampuli moja au chache tu zilizokusanywa zamani. Je, hizo ni adimu? Mara nyingi hatuna haki ya kusema hivyo. Mdudu aliyekusanywa mara moja miaka 100 iliyopita huenda anaishi kwa wingi kwenye kichaka kilekile, na hakuna mtu aliyetandika shuka na kuwasha taa pale tena wakati wa masika. Nondo kamili huishi siku au wiki chache. Huruka saa zake, wengine jioni na mapema, wengine usiku wa manane, wengine hawaijali taa kabisa. Anayepita msituni Julai, kwenye ubaridi na ukavu, atarudi na shuka tupu na kuandika hakuna kitu. Huo ni unadra. Uadimu unataka ushahidi zaidi: watu wengi wametafuta, kwa majira yake, kwa njia inayofaa, penye mmea anaoutegemea, na bado wamepata wachache.

Ipo hali ya tatu ambayo si hii wala ile. Nondo anaweza kuwa tele katika msitu mmoja wa mlima na asipatikane kwingine kokote duniani. Ukimwita adimu unamdanganya atakayekwenda pale akamkuta kwenye kila jani. Ukimwita nadra ni vivyo hivyo. Huyu ni wa mahali pamoja, na sioni haja ya kumtafutia neno la kigeni. Maneno hayo mawili yanatosha: spishi ya mahali pamoja. Mlima kama Meru, unaosimama peke yake juu ya nyanda kavu hadi mita 4,500 na zaidi, wenye misitu ya mitarakwa na mipodo upande wa kaskazini na misitu yenye unyevu kusini, ndio aina ya mahali panapoweza kuwa na viumbe wa namna hiyo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa waandishi wa sayansi ni jepesi. Kumbukumbu zikiwa chache, andika nadra. Wadudu wenyewe wakiwa wachache, na una cha kuonyesha, andika adimu. Makao yake yakiwa finyu, andika wa mahali pamoja. Na ule msemo uliozoeleka wa hatarini kutoweka uachwe kwa spishi ambazo mtu amepima hatari yake, usipachikwe kama pambo la sentensi.

Neno la pili linalotaka uangalifu ni kutambua. Vitabu husema utambuzi wa spishi, na kwa ndege au mnyama mkubwa neno hilo halina kosa. Ukimtambua mtu maana yake ulimjua kabla, sura inakurudia. Mbega mweusi na mweupe wa msitu wa Ngurdoto unamtambua kwa mtazamo mmoja. Nondo mdogo hatambuliki kwa njia hiyo, kwa sababu sura yake inaweza kuwa ileile kwa spishi kadhaa, kahawia ya vumbi yenye madoa mawili matatu. Yeye anabainishwa. Kubaini ni kufikia ukweli uliokuwa umefichika kwa kupitia dalili, na dalili zenyewe hazipo juu ya bawa peke yake.

Ukoo wa kantangaze, familia ya Gelechiidae, ni mfano mzuri. Mtaalamu huchukua tumbo la mdudu, hulipasha moto taratibu ndani ya hidroksidi ya potasiamu hadi nyama ilainike na kuyeyuka, husafisha kilichobaki kwa brashi nyembamba chini ya hadubini, na hapo huonekana via vya uzazi: vipande vigumu vyenye ndoana, miiba na mikunjo, vyenye umbo la spishi husika. Kiswahili kina bahati ya kuwa na via vya uzazi, msemo wa heshima ambao mwalimu anautamka darasani bila kigugumizi. Meyrick, pamoja na ukuu wake, hakutaka kuitumia njia hii; alitegemea lenzi ya mkononi na mishipa ya mabawa, na waliokuja baada yake walilazimika kurudia sehemu kubwa ya kazi yake. Tangu mwaka 2003 umeongezeka msimbopau wa DNA, uliopendekezwa na Paul Hebert na wenzake wa Guelph, Kanada, unaosoma kipande kimoja cha jeni chenye herufi 658. Njia zote hizo zinafika mwisho uleule. Lazima ulinganishe ulichonacho na sampuli ambayo jina limefungwa kwake.

Sampuli hiyo tuiiteje? Jina la kitaalamu la spishi ya mdudu kwa kawaida huegemea mdudu mmoja halisi, mwenye sindano yake na karatasi yake, ndani ya droo ya jumba la makumbusho fulani. Wenzangu wengine huandika sampuli ya aina, ambayo haimwambii msomaji kitu. Mimi nasema sampuli mama. Tunasema lugha mama, kampuni mama, nakala mama. Msikilizaji ataelewa mara moja kwamba zingine zote hupimwa kwa hii. Na ile inayohifadhiwa kuthibitisha kwamba mdudu fulani alipatikana mahali fulani siku fulani, iitwe sampuli ushahidi, kwa sababu ndiyo kazi yake: siku watu wakibishana, inaitwa.

Sampuli mama nyingi za wadudu wa Meru ziko Stockholm. Mswidi Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa kukusanya wanyama katika Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai mwaka 1905 na 1906. Aliyokusanya yalielezwa na wataalamu wengi, vipepeo na nondo wakiwa mikononi mwa Christopher Aurivillius, na kazi yote ikakamilika kwa juzuu 3 mwaka 1910. Ukisoma orodha za wadudu wa Afrika Mashariki, majina kama meruensis na sjostedti yanajitokeza tena na tena, na mengi yametoka kwenye masanduku ya safari ile.

Nataka kusimama kwenye lebo moja ya msafara huo, maana lebo ndiyo maandishi mafupi kuliko yote katika sayansi na ndiyo yanayoishi muda mrefu. Ni kipande cha karatasi kisichozidi upana wa kucha, kimechomwa kwenye sindano ileile iliyomshika mdudu. Kimojawapo cha vituo vya Sjöstedt kwenye nyanda za chini za Meru kimeandikwa hivi: Ngare na nyuki. Maneno matatu. Msomaji wa Kiswahili anaona kiunganishi na anaona nyuki, na anaweza kudhani palikuwa na mizinga. Hakuna nyuki pale. Jina ni la Kimaa, lenye maana ya maji mekundu, na leo tunaliandika neno moja, Ngarenanyuki. Ni ndugu wa Nanyuki ya Kenya. Mwandishi wa lebo alisikia sauti za Kimaa akazikata kwa mkasi wa Kiswahili. Kosa dogo, lakini anayetafuta kituo hicho kwenye hifadhidata kwa tahajia ya leo hatakipata.

Majina ya mahali petu yana mitego mingine. Lebo inayosema Meru tu, bila nchi, inaweza kuwa Meru ya Tanzania au Meru ya Kenya, na zote zina msitu wa mlima. Arusha inaweza kuwa mji, wilaya ya zamani, mkoa mzima, au Arusha Chini, ambayo iko kusini ya Moshi. Anayeandika Arusha peke yake chini ya nondo aliyetoka kwenye ukungu wa Miriakamba, juu mlimani, amemchanganya na nondo wa vumbi la Ngaramtoni. Urefu kutoka usawa wa bahari ndio unaookoa hali, kwa sababu kwenye mlima mita 500 zinabadilisha mimea yote, na mimea ikibadilika nondo wanabadilika.

Kwa hiyo lebo nzuri ya Kiswahili ingesoma namna hii, tuseme kwa msitu unaozunguka ziwa la kreta pale Tengeru: Tanzania, Mkoa wa Arusha, Arumeru, Ziwa Duluti, ukingo wa msitu, mita 1,290; tarehe kamili, mwezi kwa herufi; kwa mtego wa taa, au amefugwa kutoka jani la mti fulani; jina la aliyempata. Halafu karatasi ya pili chini yake: amebainishwa na nani, mwaka gani, kwa njia gani. Haina neno gumu hata moja. Inaingia kwenye nafasi ileile inayotosha Kiingereza au Kilatini, na mtunza makumbusho wa Stockholm akikwama kwenye neno mita atakuwa na tatizo lingine kubwa zaidi.

Nimesema amefugwa. Hilo ni neno la kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu kwa nondo wadogo wa majani ndiyo njia ya uhakika. Familia ya Gracillariidae, ambayo ina nondo wadogo mno, viwavi wao huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini. Chuma jani lililoshambuliwa, liinue dhidi ya mwanga. Utaona baka lililopauka, pengine na kivuli cha kiwavi mwenyewe aliyejikunja humo, na punje nyeusi za kinyesi chake zikiwa zimesukumwa upande mmoja. Wa jenasi ya Phyllonorycter hutandaza hariri ndani ya baka hilo. Hariri ikikauka inajivuta, na ngozi ya jani inakunjamana na kuinuka kama paa. Chini ya paa hilo kiwavi hula, hugeuka, na nondo hutokea. Jani hilo ukiliweka kwenye kikopo chenye karatasi laini na ukangoja, unapata mdudu mzima pamoja na jambo ambalo taa haiwezi kukupa: jina la mmea anaoutegemea. Na jina la mmea huo mtu wa Arusha anaweza kulipata bila kuvuka bahari, kwa sababu Hebaria ya Taifa iko Ngaramtoni.

Hapa ndipo nilipokutana na majina yaliyonifurahisha kuliko yote. Mwaka 2012 mtafiti Jurate De Prins alichapisha, pamoja na mwenzake, kazi kubwa juu ya kundi hili la Afrika, na kati ya spishi mpya alizozitaja mpo Cremastobombycia morogorene, inayobeba Morogoro, Cremastobombycia kipepeo, na Phyllonorycter kazuri. Kiswahili kimeingia kwenye daftari la dunia. Ni kweli kwamba nondo amepewa jina la kipepeo, na mtu anaweza kulalamika. Mimi naona linakumbuka kuwa katika matumizi ya baadhi ya watu kipepeo ni jina la ukoo wote, wa mchana na wa usiku. Lakini kazuri ndilo lenye uzito. Lina ka- ya udogo, ile ya katoto na kagari, ambayo Kiswahili sanifu huikataa na kutaka ki-, na ambayo mitaa ya Arusha, kuanzia Sakina hadi Kijenge, haiwezi kusema nusu saa bila kuitumia. Kwa mdudu ambaye bawa lake ni dogo kuliko punje ya mchele, ka- ndiyo kipimo sahihi. Basi nondo wetu wamepata ka- mbili tofauti kabisa: moja ya kutuma, katika kantangaze, aliyekuja kuharibu, nyingine ya udogo na mapenzi, katika kazuri, asiyemharibia mtu.

Kulieleza bawa lenyewe nako kunahitaji maneno, na hapa sitaki kuazima. Wataalamu wana istilahi nyingi za pembe na kanda za bawa. Sisi tuna khanga. Kila mwenye khanga anajua kwamba ina pindo linalozunguka na mji ulio katikati, na mfanyabiashara yeyote ataelewa ukimwambia mji mweupe wenye madoa na pindo jeusi. Bawa la nondo lina mpangilio huohuo: eneo la kati lenye doa au alama kuu, na ukingo wenye mstari wake. Mji wa bawa na pindo la bawa ni istilahi zilizokwisha kujaribiwa na macho ya mamilioni. Na zile nywele laini zinazoning'inia kwenye ukingo, ambazo kwa nondo wadogo kabisa huwa ndefu kuliko upana wa bawa la nyuma lenyewe, ni matamvua, kama ya shuka na kikoi. Sema bawa la mbele kahawia, mji una doa moja jeusi, pindo lina mstari wa fedha, matamvua ya kijivu: mtu aliyeko Mbeya anaweza kuchora alichokiona mtu wa Usa River.

Istilahi za maabara nazo si zote za kulalamikia. Urujuanimno, kwa mfano, ule mwanga unaowavuta nondo na usioonekana kwa macho yetu, ni neno lililotungwa kwa akili: urujuani umezidi, umepita mpaka wa rangi tunazoziona. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1990 ilifanya kazi kubwa ya namna hiyo. Na jina la Makumbusho ya Elimu Viumbe, yaliyomo tangu mwaka 1987 ndani ya boma la Wajerumani katikati ya Arusha, linasema kwa maneno mawili kile ambacho lugha nyingine hukihangaikia.

Penye kero ni kwenye hatua za maisha. Kiwavi hana utata, ni mtoto wa nondo au kipepeo anayekula. Buu ndiye mwenye kesi. Katika kamusi na mazungumzo, buu ni yule mweupe anayetoka kwenye yai la nzi, anayetambaa kwenye nyama iliyooza. Lakini mtoto aliyefundishwa maisha ya mbu amekariri yai, kiluwiluwi, buu, mbu kamili, na kwake buu ni hatua ya tatu, ile isiyokula. Akisoma kwamba buu alikutwa ndani ya jani, hajui kama ni yule anayekula au aliyetulia. Kwa kumbukumbu ya nondo tofauti hiyo ni ya msingi, kwa sababu inaeleza kama jani bado linaliwa au mdudu yuko karibu kutoka. Ninachofanya ni kuandika kiwavi kwa anayekula na pupa kwa aliyetulia, na buu ninamwachia nzi. Baraza la Kiswahili la Taifa likitoa uamuzi tofauti nitaufuata, mradi uwe mmoja.

Kazi hii haihitaji kusubiri kamati. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha hakuna kuchuma jani wala kukamata mdudu bila kibali, na mwenye nia ya utafiti aanzie Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI). Lakini ua wa nyumba ya Njiro, kingo za shamba la kahawa la babu kule Poli, na kichaka nyuma ya shule ya Ngarenanyuki ni mahali pa kutosha kuanzia. Mwalimu wa baiolojia unayesoma hapa, tafuta jani lenye baka, lifuge kwenye kikopo, piga picha nondo anapotoka, kisha uandike kwa Kiswahili mmea, mahali, mita, tarehe na jina la mwanafunzi aliyelichuma. Ukikosa jina la mdudu, andika nondo, hajabainishwa. Sampuli yenye maneno hayo ina faida kwa atakayekuja baada ya miaka 100. Sampuli nzuri yenye neno Arusha tu haina.